MABEGI MATANO KWA SIKU NNE MARA: STAA ANAPENDEZA, SHABIKI ANALIPA DENI

Haya wadau, kila mwaka ikifika Juni mchezo ni ule ule. Kurasa za mastaa wa Bongo zinabadilika lugha ghafla, kila mtu yupo kwenye "summer". Kapsheni ni summer, miwani summer, kikaptula summer. Summer ya wapi? Juni mpaka Agosti Dar ni kipupwe, Njombe watu wanalala na blanketi mbili, na Mara ni kiangazi: mchana jua linachoma, alfajiri unatafuta sweta. Hiyo summer ni ya Ulaya na Marekani. Huku imeletwa na simu, sio na mawingu.

Lakini jina tu lisingekuwa tatizo. Shida ipo kwenye begi.

Safari hii zamu imeangukia Mara. Dada mmoja mwenye jina kubwa Insta, yule anayependa kusema "mimi siigi, naigwa", alitangaza ziara ya siku nne na bwana wake, msanii wa bongo fleva ambaye ngoma yake ya mwisho iliyohiti watu wameanza kuisahau. Musoma, Butiama, Bunda, halafu Serengeti. Kabla hajaondoka akaposti video anapanga nguo. Mabegi matano. Watu wawili, siku nne, mabegi matano. Na ushauri juu: kila mji una hali yake ya hewa, kwa hiyo kila mji mtupio wake mpya, na ukionekana umerudia nguo safarini, basi wewe hujajipanga.

Watu wakajaza mioyo na vimoto. Wachache waliouliza "sasa dada, Musoma na Bunda zina umbali gani mpaka zitofautiane hivyo?" wakaitwa wenye wivu.

Jibu lao ni hili. Mtu anaweza kuamka Musoma, akapita Makutano akaingia Butiama, akazunguka, na jioni akalala Bunda. Siku moja, mkoa mmoja. Musoma ipo ufukweni mwa Ziwa Victoria, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Butiama ipo juu zaidi, vilimani. Bunda ipo kwenye barabara kuu ya Mwanza, vumbi lake linajulikana. Tofauti ya hali ya hewa ipo, lakini ni ya kuvaa sweta na kuvua sweta. Sio ya begi zima kwa kila mji.

MAMBO YALIVYOENDA

Picha zilipoanza kushuka, ndio watu wakaelewa kwamba yale mabegi hayakupangwa kwa ajili ya Mara. Yalipangwa kwa ajili ya kamera.

Musoma, ufukweni, saa saba mchana, dada kavaa koti la manyoya. Jasho linaonekana mpaka kwenye picha iliyosafishwa na filta. Dakika chache baadaye yupo ndani ya maji na nguo ya kuogelea, kapsheni anawaambia wafuasi "ziwa letu, jiachieni". Hakuna hata mstari mmoja kuhusu kichocho. Kila mtoto aliyesoma shule za pembezoni mwa ziwa lile anajua kichocho ni nini, na anajua vidonge vyake vinavyogawiwa shuleni. Mwenye wafuasi wengi kuliko watu wa Musoma yote yeye hajui, au anajua na kanyamaza.

Bunda, viatu vya kisigino chembamba kwenye vumbi. Hiyo tuiache, miguu ni yake.

Serengeti, kapiga suti nyeusi na bluu iliyobana, mchana kweupe. Waongozaji wa watalii wanalisema hili kila siku: ndorobo anapenda rangi nyeusi na bluu iliyokolea. Vile vitambaa vya bluu na nyeusi vinavyotundikwa kwenye miti hifadhini sio mapambo, ni mitego ya ndorobo. Yaani dada alijivalisha mtego. Video ya yeye kupiga kelele ndani ya gari ikaposti-wa kama kichekesho, watu wakacheka, ikaisha.

Na bwana yupo pembeni na suruali ya mabaka ya kijeshi, eti ndio "muonekano wa porini". Huyu ni msanii wa Tanzania. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba kwa raia wote wenye sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo wazisalimishe, na wasanii walitajwa. Sasa mtu anaweka kitu kama hicho kwenye begi, anapita nacho vituo vyote vya njiani, halafu anawaonyesha vijana wa Bunda na Tarime kwamba ndivyo mwanaume anavyovaa kwenda mbugani. Yeye akikamatwa ana meneja na mwanasheria. Kijana wa bodaboda atakayemwiga ana nani?

Kisha Butiama. Pale Mwitongo, alipozikwa Mwalimu Nyerere, dada akashuka kwenye gari na gauni lililo wazi mgongo mzima na mpasuo mpaka pajani. Mama mmoja mtu mzima aliyekuja na wajukuu zake hakupiga kelele wala hakurekodi. Alifungua mkoba wake, akatoa khanga, akasema, "Mwanangu, jifunge hii, hapa ni kwa wazee." Dada akajifunga, akasema "asante mama", na kwa uungwana huo apewe sifa yake. Lakini jioni, kwenye ukurasa wake, picha ya khanga haikuwepo. Iliwekwa ile ya kabla ya khanga.

Mabegi matano, na nguo ya maana zaidi ya safari nzima ilitoka kwenye mkoba wa bibi wa watu.

NGUO SIO ZAKE, DENI NI LAKO

Hapa ndipo watu wanatakiwa kuacha kucheka.

Wanaofuatilia mambo ya mjini wanajua mchezo unavyokwenda. Nguo nyingi za mastaa safarini ni za kuazima. Duka linatoa, staa anapiga picha, analitaja duka, anarudisha. Nyingine lebo ya bei haijatolewa, imefichwa tu kwa ndani. Hiyo ni kazi, na kazi sio dhambi. Dhambi ni kusema "hii ndiyo njia ya kujipanga kusafiri" bila kusema "hizi nguo sio zangu, hili ni tangazo".

Kwa sababu kuna binti pale Bunda mjini, msusi, anasuka nywele saluni ya watu, ambaye aliamini. Yeye na marafiki zake watatu walipanga matembezi ya bethidei: siku mbili Musoma, wapite Butiama, wamalizie kwa kupiga picha karibu na geti la Ndabaka. Safari yenyewe walikuwa wameshaichangia. Nauli ipo, chakula kipo, chumba wanalala wanne. Kilichokosekana ni "mtupio mpya kila mji". Binti akaingia kwenye programu ya mikopo ya simu, akachukua laki mbili, akanunua gauni tatu, viatu pea mbili na koti. Koti, la kwenda Musoma.

Picha zilitoka nzuri sana. Wiki iliyofuata riba ikaanza kukimbia. Wiki ya tatu meseji zikaanza kuingia kwa kila namba iliyokuwa kwenye simu yake: wateja, mchungaji, fundi simu, mpaka mama yake mdogo kijijini. Mama mdogo akapiga, "Wewe mwanangu, umefanya nini? Mbona naambiwa nikulipie mimi?" Binti akazima simu siku nne. Msusi akizima simu siku nne, wateja wanahamia kwa mwingine. Gauni mbili aliwauzia wenzake wa saluni kwa nusu ya bei. Koti bado lipo, halina mnunuzi.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha kidijitali zisizo na kibali na kuzifungia. Zilikuwa zinaishi kwa nani? Sio kwa mastaa. Zilikuwa zinaishi kwa watu kama huyu binti, ambao wanaona aibu kuvaa gauni moja Jumamosi na Jumapili. Na hiyo aibu hawakuzaliwa nayo. Kuna mtu amewafundisha, akiwa anatabasamu, mbele ya mabegi matano.

"LAKINI MUONEKANO NDIO KAZI YAO"

Watetezi wanakuja na hoja mbili. Ya kwanza, staa anakula kwa muonekano, mwacheni abebe anachotaka. Sawa. Msanii anayekwenda kupanda jukwaani siku tatu mfululizo ana haki ya nguo tatu za jukwaani, kama fundi anavyobeba vifaa vyake. Hakuna anayempinga. Lakini fundi hakuambii kwamba na wewe usipokuwa na nyundo tano hujui kuishi. Beba, ila usiwaite wengine washamba.

Ya pili, eti anautangaza mkoa. Hapo ndipo panapouma. Picha kumi na nane zimeposti-wa, na ukiziangalia zote huoni samaki wa Mwigobero, huoni soko la Nyasho, huoni mawe ya Musoma wala vilima vya Butiama vizuri, kwa sababu mbele yake kuna gauni. Hata jina la Mwisenge, shule aliyoanzia Mwalimu mwaka 1934 hapo hapo Musoma, halikutajwa. Mkoa ulikuwa pazia la nyuma. Kinachotangazwa ni duka la nguo Dar.

BEGI LA MARA LINAVYOTAKIWA KUWA

Anayetaka kwenda Musoma, Butiama, Bunda na mbugani kwa siku nne, begi moja la mgongoni linamtosha, na pesa inabaki ya samaki.

Tisheti mbili na shati moja la mikono mirefu la pamba. Jioni ziwani mbu hawana utani, na shati hilo hilo linakukinga jua la mchana. Suruali mbili, moja jinzi ya usiku, moja nyepesi ya mbugani, rangi ya udongo au majani makavu, sio nyeusi, sio bluu, na mabaka ya kijeshi usiyaguse. Sweta au jaketi moja, kwa sababu gari la mbugani linaondoka alfajiri na upepo wa boti ziwani unapenya mpaka kwenye mfupa. Raba moja iliyokwisha kuzoea mguu, na kandambili. Kofia. Kwa wadada, gauni moja la heshima linalokubali kwenda kanisani, Mwitongo na kwenye chakula cha jioni. Na khanga au kitenge, hicho usikisahau: ni shuka, ni taulo, ni mtandio, ni stara, ni pazia la kubadilishia nguo. Nguo mbichi weka kwenye mfuko wa kitambaa, maana mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu 1 Juni 2019.

Nguo ikichafuka, ifue. Kiangazi cha Mara kinakausha shati kabla hujamaliza soda. Ukipungukiwa, mtumba upo sokoni, na hela yako inabaki kwa mama muuzaji wa hapo hapo.

Na kama ni vuli, kuanzia Oktoba, ongeza koti la mvua. Moja.

Hiyo ndiyo siri yote ya "hali tofauti za hewa". Unavaa moja juu ya nyingine, jua likiwaka unapunguza. Wasukuma ng'ombe wa Mara wanalijua hilo na mgolole mmoja tu begani.

Kitu cha mwisho. Mwaka 1967, Mwalimu alitoka Butiama kwa miguu mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Rais wa nchi, siku baada ya siku barabarani, na watu wakamkumbuka kwa fimbo yake na mwendo wake. Nusu karne baadaye mtu anakuja kupiga picha kwenye kaburi lake na mabegi matano, halafu anamwambia msusi wa Bunda kwamba kurudia gauni ni kutojipanga.

Dada, rudia nguo. Mara moja tu, mbele ya wafuasi wako wote, vaa gauni la Ijumaa siku ya Jumapili na uliseme. Haitakupunguzia hata mfuasi mmoja wa maana, na kuna binti mahali atawasha tena simu yake.

Wadau wa Musoma, Bunda na Butiama, dondosheni komenti hapo chini: nani amewahi kukopa ili apendeze safarini, na lile deni liliisha lini?