Usaili wa wahandisi uwafikie walio nje

Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, unapotangaza nafasi za wahandisi, wengi wetu huku ughaibuni tunasoma tangazo na kuishia hapo. Masharti hatuyapingi: uwe raia, usizidi miaka 45, na shahada ya nje itambuliwe na TCU. Upendeleo hatuombi. Lakini nani atakata tiketi ya ndege kwa usaili wa saa moja, kazi yenyewe hana hakika nayo? Sekretarieti ya Ajira iwasaili walio mbali kwa video, ubalozini, mbele ya maofisa. Kila Msimbazi unapofurika, barabara za Dar es Salaam hufungwa. Mhandisi wetu anayejenga mitaro ya London asibaki mtazamaji tu.