SEHEMU YA 5: Magemu ya watoto wagonjwa yamesahaulika, na mimi nesi yananiuma



Tangu tuongelee muda wa mtoto kukaa kwenye simu, swali ni lile lile: "Dada nesi, huyu mtoto na magemu nimfanyeje?" Leo naomba tuligeuze. Tunauliza anacheza saa ngapi. Je, tunauliza hilo gemu linamfundisha nini?

Maana yapo magemu yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wagonjwa, na kwa maoni yangu hakuna magemu yaliyonyimwa heshima yake kama hayo.

Twende mwaka 1995, Marekani. Lilitoka gemu la Super Nintendo linaitwa Packy & Marlon. Ni tembo wawili wadogo wenye kisukari, wako kambini, na panya wamewavurugia chakula na vifaa vyao. Mtoto anayecheza lazima ampime tembo wake sukari, amchome insulini, amchagulie chakula. Akikosea, tembo anaishiwa nguvu. Na wanacheza wawili, kwa hiyo rafiki asiye na kisukari naye anajifunza. Mwaka huo huo likatoka na la pumu, Bronkie the Bronchiasaurus: dinosaria anayekwepa vumbi na moshi na kutumia dawa yake ya kuvuta.

Mtasema ni michezo tu. Haya, lile la kisukari lilijaribiwa kwa watoto 59 wa miaka 8 hadi 16, miezi sita. Nusu walipewa hilo, nusu gemu la kawaida. Waliopewa Packy & Marlon waliongea zaidi na wazazi wao kuhusu kisukari na wakajihudumia vizuri zaidi. 59 ni wachache, sawa. Ila hapo kwenye "kuongea na wazazi" msipapite haraka. Mtoto wa kisukari anayeficha kwamba ameruka sindano ndiye anayeletwa usiku akiwa hajitambui.

La pili ni Re-Mission, la 2006, kwa vijana wenye saratani. Unaongoza karoboti kadogo kanakoitwa Roxxi, kanaingia ndani ya mwili wa mgonjwa kupiga seli za saratani na bakteria. Dawa ndiyo silaha yako. Utafiti wake ulichapishwa 2008: wagonjwa 375 kutoka hospitali 34 za Marekani, Kanada na Australia. Waliocheza walizingatia dawa zao kuliko wenzao. Na hawakuulizwa kwa mdomo tu, hata damu ilipimwa.

Kwa nini hili linanigusa? Kwa sababu kijana wa saratani akishapata nafuu, nywele zikaanza kurudi, anachoka na vidonge. Anasema "nimepona". Mama anagombeza, nesi anagombeza, yeye anaitikia ndiyo, kidonge kinaishia chini ya godoro. Na hicho kidonge ndicho kinachozuia ugonjwa usirudi. Sisi tunamwambia afanye nini. Gemu linampa usukani yeye. Anakosea, anaona matokeo, anaanza upya, na hakuna aliyeumia. Wodini hatuna nafasi hiyo ya kukosea.

Sasa jamani, gemu la mpira kila mtu analijua kwa jina na kwa mwaka. Haya nani anayataja? Mashine ya Packy & Marlon leo ni kitu cha kale. Re-Mission liligawiwa bure, lakini bure nayo haina matangazo. Wazazi tukisikia "gemu" tunawaza uvivu tu, na hospitali zinaona ni utoto. Hapo ndipo sikubaliani. Kitu kinachomfanya mtoto ameze dawa yake kwa hiari ni sehemu ya huduma.

Huna mashine wala bando? Kanuni yake unayo nyumbani:

1. Mpe mtoto mdoli awe mgonjwa wake. Ampime "sukari", ampe "dawa". Wewe uwe msaidizi tu.
2. Mwachie maamuzi madogo: tuchome kidole kipi leo? Kidonge kwa maji au kwa uji?
3. Badala ya "umekunywa dawa?", muulize "hii dawa inafanya kazi gani mwilini?" Akikujibu kwa maneno yake, ameelewa.
4. Kaa ucheze naye. Atakwambia huko mengi asiyoyasema mezani.

Tusielewane vibaya: gemu halichukui nafasi ya insulini, vidonge wala kliniki. Mtoto wa kisukari anatapika, analegea au anapumua kwa nguvu isiyo ya kawaida, acha kila kitu, leta hospitali.

Mwenye mtoto wa kisukari, pumu au selimundu, niandikie hapo chini: yeye mwenyewe anaujua ugonjwa wake, au anajua tu kwamba mama ndiye anayeujua?

Sehemu ya 6 tutaongelea sindano na mtoto mwoga. Pasianeni na wenzenu.