Mleteni Mjukuu, Kisha Rudini Zenu Dar

Siilaumu treni. Kabla treni ya umeme haijaanza kuja Dodoma, Julai 2024, mwanangu akitaka kutuona alipanda basi alfajiri akafika alasiri miguu imevimba. Mtu aliyechoka namna ile hageuzi siku hiyohiyo. Yeye, mkewe na mtoto wao walilala, na kesho yake wakalala tena. Sasa safari ni ya saa nne hivi. Jumamosi asubuhi wamefika, jioni hawapo.

Na hapo katikati hatukai nyumbani. Mwanangu anaamini wazee lazima watolewe matembezini, basi tunakusanywa, mimi na mzee wangu, kutoka Chamwino hadi mjini. Tunapigwa picha Nyerere Square, tunakula chipsi kuku, mtoto anabembea kidogo, mara saa ya treni hiyo. Nauli ya mtu mzima ni shilingi 31,000 kwenda tu, bado teksi, bado chakula. Kwa hela zote hizo mjukuu kaongea nini na babu yake? "Shikamoo babu," na "Babu, cheka basi, tunapiga picha."

Mtaniuliza, kwani mlitaka kuongea nini? Utani kwanza. Kwetu mjukuu huyu wa kike ni mke mwenzangu. Babu anamwita mchumba, nami namnunia kama niliyenyang'anywa mume. Sasa mtoto wa kushinda siku moja atauelewaje mchezo huo? Siku ya kwanza anajificha nyuma ya mama yake. Kesho yake anachekea mlangoni. Akizoea ndipo anamwambia babu waziwazi kwamba hamtaki, hana meno. Mimi hayo ndiyo ninayoyangoja, maana mtoto amezungukwa na watu wazima wa kuwatii: baba, mama, mwalimu, dada wa kazi. Wa kuwajibu ni sisi wawili tu. Hata Kigogo, lugha yetu, neno alilo nalo ni salamu tu, "mbukwenyi", na alilipatia stesheni.

Najua mtakachosema. Likizo ana twisheni. Mzee wangu alifundisha hesabu shule ya msingi mpaka akastaafu, na hajamtoza mtu senti. Choo ni cha shimo? Atalalamika, kisha atakwenda. Mlenda hataula? Njaa ya mchana wa kupura uwele imekwisha kuwalisha mlenda wakaidi kuliko yeye, baba yake akiwa wa kwanza. Hofu ya usalama ndiyo siichezei. Kwa dunia ya leo mzazi ana haki ya kuuliza mtoto atalala wapi na nani anaingia humo ndani. Aulize, nimjibu, lakini hofu hiyo isiwe kisingizio cha kutukopesha mtoto kwa saa chache.

Mwezi wa sita shule zikifungwa, mmoja wenu amlete, anywe chai, awahi treni ya jioni. Mtoto abaki mpaka shule zikaribie kufunguliwa. Msimpangie ratiba. Mchana atachoka kukaa, atauliza tufanye nini, nami nitampa ungo apepete, atamwaga nusu, kuku watashukuru. Kishikwambi chake aje nacho tu. Umeme tunao, na babu yake amekwisha kusema anataka kufundishwa kukitumia.