Makofi kwa wa Kigali, Honi kwa Wetu



Kuna maneno ambayo kwa majuma kadhaa sasa yanasemwa baada ya Misa, chini ya mwembe, tena na watu ambao kwa kawaida ni waungwana. Wanasema hivi: kwa kuwa lami imetufikia, baiskeli ziondolewe barabara kuu. Zinachelewesha magari, zinayumba, zinaleta ajali. Wenye baiskeli na warudi kwenye vijia vyao vya zamani. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ana pikipiki mbili. Nimeombwa hata niliseme jambo hilo mbele ya viongozi wa kijiji, eti kwa kuwa padre husikilizwa. Sitalisema. Nitasema kinyume chake, na ni haki yenu kujua kwa nini.

Nianzie Kigali. Mji ule uko takriban kilomita 300 kaskazini mwetu ukipima kwa mstari mnyoofu. Ni karibu nasi kuliko Dar es Salaam, mbali sana. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika huko, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika tangu yalipoanzishwa mwaka 1921. Vijana wetu waliyafuatilia kwenye simu zao, wakigombea mahali penye mtandao mzuri. Siku ya mwisho wanaume waliendesha takriban kilomita 267, sehemu kubwa ikiwa ni kuuzunguka mzunguko mmoja wa kilomita 15 tena na tena, na kila mzunguko una kilima cha Kimihurura kilichosakafiwa kwa mawe. Ukijumlisha miinuko yote waliyopanda siku ile, inazidi mita 5,400. Wakaanza watu zaidi ya 160, wakamaliza 30 tu. Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda, na hapa kwetu watu wakapiga makofi kana kwamba ni mtoto wa shangazi yao.

Sina ubaya na makofi hayo. Kinachonikera ni kwamba kesho yake watu walewale walikuwa barabarani wakimpigia honi mzee anayesukuma baiskeli yenye madumu ya mawese.

Basi tumtazame mzee huyo kwa makini, kwa maana nadhani hatujawahi kumtazama. Dumu moja la lita 20 za mawese lina uzito wa kama kilo 18. Yeye amefunga manne: kilo 72. Baiskeli yake, ile ya chuma yenye keria pana, ina kama kilo 20. Jumla kilo 92 kabla hatujamhesabu yeye mwenyewe. Kanuni za mashindano ya dunia huruhusu baiskeli isiyopungua kilo 6.8, kwa hiyo mzee wetu anapandisha mzigo unaozidi baiskeli ya bingwa mara kumi na tatu. Bingwa ana gia zaidi ya ishirini, na gari linamfuata likiwa na magurudumu ya akiba, maji na daktari. Mzee ana gia moja, na nyuma yake kuna basi linalounguruma. Wanaoijua nchi hii ya Buha wanajua kwamba hakuna njia ya kutoka kijiji kimoja kwenda kingine isiyoshuka hadi kijitoni na kupanda tena upande wa pili. Toka Rungwe Mpya asubuhi, zunguka vijiji, rudi nyumbani jioni: umeshuka na kupanda mara nyingi kuliko vidole vyako, wala hakuna aliyekuhesabia mita.

Mnalalamika kwamba wanayumba. Ni kweli, lakini mngeuliza sababu kabla ya kuhukumu. Mwinuko wa asilimia nane maana yake ni kwamba katika kila mita mia moja unazokwenda, unainuliwa mita nane. Mwenye gia moja hawezi kuukabili uso kwa uso akiwa na mzigo. Kwa hiyo anaukata kwa mshazari, kulia kisha kushoto, ili urefu wa njia uongezeke na ukali wa mlima upungue. Mainjinia hufanya jambo lilelile wanapozungusha barabara kwenye mlima badala ya kuipeleka moja kwa moja juu. Mainjinia wakifanya huitwa utaalamu. Mkulima akifanya huitwa ulevi.

Na kushuka ni kugumu kuliko kupanda, jambo ambalo asiyeendesha hawezi kuliamini. Breki za baiskeli hizi ni fito za chuma zinazovuta vipande vya mpira hadi kwenye ringi. Ringi ikilowa, mpira unateleza. Mvua zetu huanza Oktoba na kutuachia Mei, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka mtu anashuka na karibu kilo mia za mzigo huku breki zake zikiwa ni nusu ya breki. Ndiyo maana mnawaona wakikandamiza tairi la nyuma kwa soli ya kandambili. Mtu wa namna hiyo akipigiwa honi ya ghafla kwenye kona, hana pa kukimbilia ila mtaroni.

Najua mtakalonijibu, nami sitalikwepa. Wapo wanaoendesha usiku bila taa wala kiakisi mwanga. Wapo vijana wanaojishika nyuma ya lori ili livute wao na mikungu yao ya ndizi hadi kileleni; mchezo huo unajulikana sana kwa jirani zetu wa Burundi na umeshavuka mpaka. Huo ni ujinga unaoua, na mzazi anayeuona na kunyamaza ana sehemu yake katika hesabu. Lakini angalieni hoja yenu inakoelekea. Pikipiki zetu hubeba watu watatu, wanne, na mbuzi juu yake, kofia ngumu ikiwa imetundikwa kwenye usukani. Mbona hakuna aliyependekeza pikipiki ziondolewe barabarani? Kosa la mwenye injini tunataka lirekebishwe. Kosa la asiye na injini tunataka yeye mwenyewe aondoke. Hiyo haiitwi usalama barabarani. Ni dharau iliyovaa koti la usalama.

Kuhusu hivyo vijia vya zamani, nani kati yenu amevipita karibuni? Vingine vimeliwa na mashamba, vingine vimekatwa na mifereji ya barabara mpya yenyewe. Barabara hii inayotoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, takriban kilomita 260, imejengwa kwa fedha ya umma na kwa mkopo ambao wajukuu wa mzee wa mawese watashiriki kuulipa. Atadaiwaje deni la kitu ambacho amekatazwa kukikanyaga?

Kuna jambo jingine linalonisikitisha. Baadhi ya vijana wetu, wavulana na mabinti wachache, wameanza kuendesha kwa mazoezi, Dominika alasiri: wanazunguka vilima na kurudi senta, wakipimana nani amefika juu bila kuteremka. Badala ya kuwatia moyo, nasikia mabinti wanatukanwa njiani, na wavulana wanaulizwa kama wazazi wao wameshindwa kuwanunulia pikipiki. Wapo wazazi waliouza kipande cha shamba kwa sababu ya swali hilo. Biniam Girmay alizaliwa Asmara, Eritrea, mji ulio juu zaidi ya mita 2,300. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kuitwaa jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Sisemi kwamba kila anayepanda mlima wetu atafika huko. Wengi watabaki kuwa wakulima wenye miguu imara, na si haba. Ila Girmay hakutoka kwenye mji ambamo baiskeli ni aibu. Watu wa Asmara wanaipenda, na watoto wanakua wakiiona inaheshimiwa.

Nasi Wakatoliki tungekuwa wa mwisho kuidharau. Huko Italia, juu ya Ziwa Como, kwenye kilele cha mpando mkali unaotoka Bellagio, kuna kikanisa cha Mama Maria wa Ghisallo. Mwaka 1949 Papa Pius wa Kumi na Mbili alimtangaza kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli, na ndani ya kikanisa hicho zimetundikwa baiskeli za mabingwa. Mmoja wa wapandaji wakubwa wa njia zile, Gino Bartali, aliyeshinda Tour de France mwaka 1938 na tena 1948, alitambuliwa mwaka 2013 na taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu kwa kuwasaidia Wayahudi waliokuwa wakiwindwa wakati wa vita, akisafirisha hati zao zikiwa zimefichwa ndani ya baiskeli yake. Na hatuhitaji kwenda Italia. Makatekista wangapi wamevifikia vigango vyetu kwa miaka mingi kwa chombo hicho hicho mnachotaka kiondolewe?

Basi mkutano wa kijiji utakapoitishwa nitakuwapo, na ombi langu litakuwa hili. Kwanza TANROADS waombwe, kwa barua yenye saini zetu, kwamba kwenye miinuko yote mikali ndani ya kata mabega ya barabara yasafishwe, yasiachwe kuwa mahali pa kuanikia mihogo na kuegesha malori. Kuanika mihogo ni kosa letu sote, hata jirani wa parokia. Pili, mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi usimamiwe, maana umo tayari katika sheria ya nchi. Tatu, madereva waliomo katika parokia hii, akiwemo wa gari la parokia, wasubiri nyuma ya baiskeli inayopanda hadi wapate nafasi ya kuipita kwa mbali, bila honi. Kwa saa yangu, kusubiri huko hakuzidi dakika mbili.

Na yule ndugu mwenye pikipiki mbili namkaribisha aje Jumamosi. Nitamwazima baiskeli yangu, tutafunga madumu mawili tu ya maji, si manne, naye atapanda kutoka kijitoni hadi kanisani. Akifika, tutazungumza tena habari ya kuziondoa.