Kofia ya jino nayo huliwa na kutu

Ukipita ufuoni Dunga, hapa Kisumu, hebu tazama misumari ya mashua zilizovutwa mchangani. Vichwa vimekuwa vyekundu. Ziwa Viktoria si la maji ya chumvi, lakini chuma kinaliwa vivyo hivyo. Basi fikiria kinywa chako: hakikauki usiku wala mchana, mate yana chumvi, na humo humo twamimina soda, ndimu na chai ya moto.

Jirani yangu, mama wa watoto watatu, alivikwa kofia ya jino ya madini ya bei nafuu. Mwaka haukwisha, ufizi ukavimba na ulimini akahisi ladha ya sarafu. Akaniuliza, "Dada, kwani madini ya meno hushika kutu?"

Naam, ingawa si kutu nyekundu. Madini huyeyuka polepole, na chembe ndogo mno za nikeli au kobalti zikaingia katika mate. Wengi hawadhuriki. Lakini wewe uwashwaye na hereni za bei rahisi huenda nikeli haikupatani, na kinywani pia ikakusumbua.

Kinga ya madini haya ni kromiamu. Ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba usioonekana, na utando ukikwaruzwa hujirudishia wenyewe. Ndiyo siri ya vijiko visivyoshika kutu. Aloi ya kobalti na kromiamu, itumikayo sana kwa meno, ilipewa hataza mwaka 1907 kwa jina la Mmarekani Elwood Haynes.

Hata hivyo, aloi ni ile ile, utengenezaji ni mbalimbali. Njia kongwe ni kuyeyusha na kumimina katika kalibu, kama mafundi wa jua kali wamiminavyo sufuria. Madini hupoa polepole, kromiamu isienee sawasawa. Palipo na kromiamu haba ndipo panapoliwa kwanza. Vitundu navyo hubaki ndani. Njia ya pili ni kuchonga kwa mashine kutoka kipande kilichotengenezwa kiwandani. Ya tatu hutandaza unga wa madini, tabaka juu ya tabaka, na mwale wa leza ukauyeyusha. Madini hupoa kufumba na kufumbua, kromiamu ikaenea vyema. Vipimo vingi vya maabara vimeonyesha kwamba aloi ya leza hutoa chembe chache kuliko ya kumimina.

Lakini usidanganyike na jina la mashine. Unga usioyeyuka barabara huacha vitundu, na kofia isiyosuguliwa ikalainika huliwa upesi. Kofia ya kumimina iliyotoka mikononi mwa fundi hodari yaweza kuishinda ya leza iliyolipuliwa.

Kwa hivyo, kabla ya kufungua kinywa, fungua mdomo uulize: Ni madini gani? Yana nikeli? Yametengenezwaje? Hakikisha pia kwamba daktari ana leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Ukihisi ladha ya chuma au ufizi ukivimba, rudi upesi.

Jirani yangu alibadilishiwa kofia, akapewa isiyo na nikeli, na leo anatafuna omena bila wasiwasi. Ila alilipa mara mbili. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika meno, msomaji wangu, ufa huanza na shimo dogo tu.