Zawadi ya Mchezo ni ya Nani?

Kila baada ya mchezo wa kuigiza, bweni zima hubishana ni nani anayestahili zawadi, na hutajwa waliosema sana jukwaani. Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa Chome alishona mavazi yote kwa mkono, wala jina lake halikusomwa.

Mwaka 2016, huko New York, mchezo uitwao Eclipsed, wa wanawake wa Liberia wakati wa vita, uliteuliwa mara 6 katika Tuzo za Tony. Lupita Nyong'o wa Kenya alikuwamo. Ulishinda tuzo moja tu: ya Clint Ramos, mbunifu wa mavazi.

Basi, walimu wetu, nasi hapa Same tuwe na zawadi ya walio nyuma ya pazia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini asiyesifiwa kabisa huacha kugema.