Kinachobaki Mkokoteni Ukishaondoka



Mnunuzi wa vyuma chakavu apitapo mitaani mwetu hapa Kaloleni na mkokoteni wake, nyumba hupata nafasi ya kupumua. Sufuria iliyotoboka, bati lenye kutu, dumu lililopasuka, fremu ya baiskeli, vyote hutiwa mizanini na mama wa nyumba akapata pesa ya sukari. Lakini vipo vitu ambavyo huvitazama mara moja, akaviacha pale pale barazani. Betri ndogo za tochi, mirija ya taa iliyoungua, dawa za hospitali zilizopitwa na muda, sindano za mgonjwa wa kisukari, chupa ya dawa ya kupulizia mikorosho. Huviacha kwa kuwa havina bei, wala hatumlaumu. Hubaki mikononi mwetu, na wengi wetu huvimaliza kwa njia tatu tulizozirithi: shimo la taka, moto wa jioni, au choo. Njia hizo zilitosha zama ambazo taka za nyumba zilikuwa maganda ya muhogo na makumbi ya nazi.

Kipo pia kimoja ambacho mkokoteni hukipokea kwa furaha kupita kiasi, nacho ni betri kubwa ya gari au ya sola. Ndani yake mna madini ya risasi na tindikali. Wapo waimwagao tindikali mchangani ili mzigo uwe mwepesi, na wapo waivunjao kwa shoka uani, watoto wakitazama. Risasi hiyo huishia wapi? Wakazi wa Owino Uhuru, upande wa Mikindani tunakopita tuendapo Mombasa, wanalo jibu. Mwaka 2007 palifunguliwa hapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kikapakana na nyumba za watu. Mama mmoja aliyeajiriwa kiwandani, Phyllis Omido, alimwona mwanawe mchanga akiugua ugonjwa usioeleweka. Vipimo vilipofanywa, damu ya mtoto ilikutwa na risasi. Mtoto hakuwa amekanyaga kiwandani, alikuwa akinyonya.

Mama huyo aliacha kazi akaanza kudai haki za majirani zake. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru mwaka 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Fidia ni haki yao. Lakini risasi ikishauathiri ubongo wa mtoto, madhara yake hayarudishwi nyuma kwa hukumu wala kwa dawa, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo betri ya sola na iuzwe ikiwa nzima, na maji yake ndani, kwa mtu anayeichukua ikiwa imesimama wima. Na baba au kaka anayeshika betri kazini avue nguo za kazi kabla hajampakata mtoto, kwa maana vumbi la risasi huingia nyumbani juu ya nguo.

Tukirudi kwenye vile vinavyoachwa barazani, kinachotutisha zaidi ni kile kibetri cha duara, cha saa na vitu vya kuchezea. Mtoto akikimeza kikakwama kooni, huanza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Mtu asimtapishe mtoto. Amkimbize hospitali saa ile ile. Vibetri vilivyokwisha tuvizungushie utepe wa gundi, tuvitie katika kopo lenye kifuniko, na kopo likae juu ya kabati.

Mrija wa taa una zebaki kidogo ndani yake. Ukivunjika, watoto watoke, madirisha yafunguliwe, tungoje kama dakika 10, kisha vipande vikusanywe kwa karatasi ngumu na kufungiwa katika chombo. Ufagio usitumike, kwani huitawanya. Kopo la dawa ya mbu lisitiwe motoni hata likiwa tupu, maana hulipuka.

Sindano za insulini zitiwe katika chupa ngumu ya sabuni, ifungwe, ipelekwe zahanati zinakotolewa dawa hizo. Mtume wetu (s.a.w.) alifundisha kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika imani, sindano iliyo wazi ndani ya mfuko wa taka hungoja mkono wa yule maskini anayechakura jalalani. Vidonge vilivyokwisha muda virudishwe duka la dawa. Wakikataa, vitolewe katika pakiti, vichanganywe na majani ya chai yaliyotumika, vifungwe vizuri, ndipo vitupwe. Chooni visiingie, kwa kuwa wako kati yetu wanaokunywa maji ya visima. Nayo chupa ya dawa ya mimea isuuzwe mara 3, maji yake yamiminwe katika pampu ya kupulizia, kisha itobolewe, isije ikatiwa mafuta ya taa au maji ya kunywa.

Na kopo la betri likijaa? Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe tangu nyumbani. Ni sheria njema, ila kutenganisha bila pa kupeleka ni nusu ya kazi, na wawakilishi wa wadi zetu waulizwe hilo wazi wazi. Kwa sasa tunaona vyama vya akina mama vinaweza kuwa na ndoo moja ya pamoja, ikijaa itumwe WEEE Centre ya Nairobi, wanaopokea taka za umeme. Nauli ya kifurushi ikigawanywa kwa watu 20 haimwelemei mtu.

Limebaki la masahafu na juzuu zilizochakaa, ambazo mkokoteni haufai kuzibeba hata mwenyewe akitaka kuzinunua kwa kilo. Sayyidna Uthman (r.a.) alipokwisha kuandikisha misahafu, aliamuru maandiko mengine yachomwe, na wanavyuoni wengine wakachagua kuzika mahali safi pasipokanyagwa. Imamu wa msikiti wenu atawaelekeza. Jalada liende pamoja na kurasa. Kalenda zenye aya na madaftari ya madrasa yachukuliwe vivyo hivyo, na hata jarida hili, ambalo kila wiki lina jina la Mwenyezi Mungu, lisifungiwe viazi karai.